KAMPUNI ISIYOANDIKWA SI KAMPUNI SAFI

Ndugu wafanyakazi,

Katika mikutano ya matawi siku hizi kuna neno linalorudiwa mara kwa mara, nasi twaona yafaa tulijibu kwa maandishi ili kila mmoja alisome kwa utulivu. Neno lenyewe ni hili: ya kwamba kampuni fulani ni mbaya kwa kuwa hasara zake na ajali zake zimetangazwa gazetini, na kampuni nyingine ni njema kwa kuwa hatujasikia jambo lo lote juu yake. Wako wenzetu, hasa vijana, waliofikiri hata kuiacha reli na kwenda kwa tajiri wa malori au kwa mkandarasi wa kusafisha mabehewa, wakisema, "Huko hakuna kelele." Na katika kamati wako waliovunjika moyo kabla ya kudai mshahara, kwa kuwa tajiri alisema hana pesa nao hawakuwa na karatasi ya kumjibu.

Sisi twasema neno hilo si sawa, tena lina hatari. Wingi wa habari zilizo wazi juu ya kampuni hautokani na ubaya wake wala wema wake. Hutokana na jambo moja tu: sheria imemlazimisha nani aandike, na imemlazimisha amwandikie nani. Mfanyakazi asiyelijua jambo hili atamkimbia anayeandika na kumkimbilia anayeficha.

UKUTA WA BENKI NA UA WA MALORI

Tuanze na mambo yanayoonekana kwa macho. Ingia katika tawi la benki hapa Nairobi, au Mombasa, au Kisumu, utazame ukutani. Utakuta hesabu za benki hiyo zimebandikwa: mali yake, madeni yake, faida yake. Si kwa kuwa wenye benki wanapenda kutoa siri zao. Ni kwa kuwa Sheria ya Benki imeamuru kwamba hesabu zilizokaguliwa ziwekwe mahali pa kuonekana katika kila tawi, tena zitangazwe gazetini. Askari wa mlangoni, mfagiaji, na mama aliyekuja kuweka shilingi mia tano, wote waweza kuzisoma.

Sasa toka hapo, uvuke barabara, uingie katika ua wa kampuni ya malori. Huenda ina malori mia mbili, na kila usiku malori hayo hupita katika barabara ya Mombasa karibu na nyumba za watu. Ukutani utakuta kalenda. Ukienda kwa Msajili wa Kampuni ukalipa ada, utapewa karatasi yenye majina ya wakurugenzi na ya wenye hisa, nayo ni karatasi yenye maana. Lakini haitakuambia madereva walilala saa ngapi, wala ni wangapi walioumia mwaka uliopita, wala tajiri alipata faida kiasi gani.

Je, benki ni ya hatari barabarani kuliko lori? La. Lakini sheria ya benki iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye fedha zake benki, na sheria ya Soko la Hisa iliandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua hisa. Watu hao walipopata hasara walilia, wakasikiwa, na kilio chao kikageuzwa kuwa sheria. Kilio cha dereva na cha utingo wake bado kiko njiani.

Tuzipange basi kampuni kwa madaraja, kama vile behewa lilivyo na daraja la kwanza, la pili na la tatu.

Daraja la kwanza ni kampuni zilizo katika Soko la Hisa la Nairobi. Hizo ni chache, sitini na kitu tu, katika nchi yenye kampuni maelfu kwa maelfu. Lazima zitangaze hesabu za nusu mwaka na hesabu za mwaka mzima zilizokaguliwa. Tena kampuni ya namna hiyo ikiona faida yake itapungua kwa asilimia 25 au zaidi, lazima itoe onyo hadharani. Ndiyo sababu habari mbaya za kampuni hizo twazisikia mapema na mara kwa mara. Tajiri asiye katika soko aweza kupoteza nusu ya faida yake, au kuipata mara mbili, na mfanyakazi wake asijue lo lote.

Daraja la pili ni mashirika ya Serikali, nalo Shirika la Reli la Kenya ni mojawapo. Msomaji wake ni mkali. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 229, imempa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kazi ya kukagua na kutoa ripoti katika muda wa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Ripoti hizo husomwa Bungeni, nazo waandishi wa magazeti huzichambua. Kila shilingi isiyo na risiti huandikwa hapo. Kwa hiyo mtu akisema, "Mashirika ya Serikali yamejaa kasoro, magazeti yasema hivyo," tumjibu kwamba huenda ni kweli, lakini pia ni kweli kwamba hayo ndiyo yaliyofunguliwa na kutazamwa ndani.

Daraja la tatu ni kampuni za watu binafsi, kubwa na ndogo. Hapa habari ni haba sana. Tangu 2020 sheria yataka kila kampuni imtaje mtu hasa anayeimiliki, yaani ye yote mwenye asilimia 10 au zaidi, hata akijificha nyuma ya jina la mwingine. Hiyo ni hatua njema. Lakini daftari hilo halikuwekwa ili lifunguliwe na kila mtu, liliwekwa kwa ajili ya wakuu wa Serikali wanaohusika. Mfanyakazi aweza kumtumikia mtu miaka kumi asimjue.

Chini kabisa yuko mkandarasi mdogo, ambaye leo ana watu thelathini na kesho hana hata ofisi. Huyo hana daraja. Amening'inia mlangoni.

KARATASI SAFI KAMA SHUKA YA ARUSI

Juu ya ajali, sheria haiko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri, mtu akifa kazini, amjulishe afisa wa usalama kwa muda wa saa 24 na kuleta barua kwa muda wa siku saba. Pahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Lakini barua hiyo huenda kwa afisa. Haibandikwi ukutani kama hesabu za benki. Na tajiri asipoiandika, ni nani atakayejua kwamba haikuandikwa?

Twamjua kijana mmoja aliyekuwa kibarua kwa mkandarasi. Hatutamtaja yeye wala mkandarasi wake. Mkono wake ulibanwa na chuma alipokuwa akipakua mzigo, akapoteza vidole viwili. Akapelekwa hospitali kwa pikipiki, akalipwa siku alizokuwa amefanya, na kazi ikaendelea na mtu mwingine. Tulipouliza baadaye habari za ajali hiyo, hapakuwa na barua, hapakuwa na kitabu, hapakuwa na tarehe. Kwa karatasi, mkandarasi huyo hajapata kumwumiza mtu hata mmoja. Karatasi zake ni safi kama shuka ya arusi.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa aliyeficha ni mmoja, na aliyeumbuliwa ni mwingine. Kijana yule hana cha kumwonyesha wakili wala afisa wa kazi ila mkono wake wenyewe.

SISI WA RELI TUMEANDIKWA TANGU ZAMANI

Yafaa wafanyakazi wa reli tujue kwamba kazi yetu ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa kulazimishwa kufungua vitabu. Huko Uingereza, katika mwaka 1840, Bunge lilitoa sheria iliyozitaka kampuni za reli zitoe habari za ajali zilizoumiza watu vibaya, na Serikali ikaweka wakaguzi wa reli. Katika 1868 ikatoka sheria nyingine iliyotaka kampuni zote za reli ziandike hesabu zao kwa mtindo mmoja, ili moja iweze kulinganishwa na nyingine. Jambo hili la mtindo mmoja ni kubwa kuliko linavyoonekana. Hesabu mbili zilizoandikwa kwa mitindo miwili ni kama mizani miwili yenye mawe tofauti: kila mmoja aweza kudai mzigo wake ni mzito.

Marekani nako, katika 1887, iliundwa halmashauri ya Serikali ya kusimamia biashara ya reli baina ya majimbo, na kampuni za reli zikatakiwa kuipelekea ripoti. Katika 1910 sheria ikazitaka kampuni hizo zitoe taarifa ya ajali kila mwezi, tena kwa kiapo.

Hapa kwetu, reli ilipokuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, ule utawala wa Reli na Bandari za Afrika Mashariki ulioundwa 1948 ulikuwa ukichapa ripoti kila mwaka, yenye mapato yake na mizigo iliyobebwa. Hatusemi kwamba mambo ya mfanyakazi Mwafrika yalikuwa mazuri wakati huo. Wazee wetu hawakugoma katika 1959 kwa kushiba. Lakini tarakimu zilikuwapo, na penye tarakimu mtu hupata pa kuanzia kubishana.

RELI NA MALORI HUKO MAREKANI

Tukae kidogo Marekani, maana huko jambo letu laonekana wazi, reli na malori zikiwa bega kwa bega.

Mtu ye yote mwenye simu aweza leo kufungua daftari la idara ya Serikali inayosimamia reli za huko, akachagua jina la kampuni, akasoma ajali zake tangu 1975: mahali, tarehe, sababu, walioumia. Tarehe 3 Februari 2023, treni ya kampuni ya Norfolk Southern iliacha njia huko East Palestine, katika jimbo la Ohio. Mabehewa 38 yaliacha reli, mengine yakiwa na dawa za sumu. Bodi ya Serikali ya kuchunguza ajali ilifanya uchunguzi, ikatangaza kwamba beringi ya gurudumu ilipata moto ikavunjika, tena ikasema kwamba kule kuzichoma kwa makusudi dawa zilizokuwa katika matangi matano hakukuwa na lazima. Ushahidi ukawekwa wazi, pamoja na maneno ya wafanyakazi wa treni wenyewe.

Mtu akisoma hayo yote atasema, "Loo, reli ya Marekani ni hatari!" Lakini na atazame upande wa malori. Huko nako kulikuwa na daftari lililoonyesha kila kampuni ya malori na daraja lake la usalama likilinganishwa na za wenzake, nalo lilikuwa wazi kwa watu wote. Katika Desemba 2015 Bunge la huko lilipitisha sheria iliyoamuru madaraja ya kampuni za kubeba mizigo yaondolewe machoni pa watu. Wenye malori walikuwa wamelalamika kwamba hesabu zile haziwatendei haki kampuni ndogo. Madaraja ya kampuni za mabasi yakaachwa wazi.

Tazameni basi. Siku ile madaraja yalipofichwa, je, malori yalianza kwenda polepole? Je, breki zilizokuwa mbovu zilipona? Hapana. Kilichobadilika ni kile kinachoweza kusomwa. Mtu wa baadaye akija kulinganisha mabasi na malori kwa karatasi zilizo wazi, ataona kasoro za mabasi zikiwa zimepangwa kwa madaraja, na za malori hazikupangwa, naye atahukumu vibaya.

Hata daftari nene lina matundu. Daftari lile la reli haliingizi ajali ya treni isiyoumiza mtu ikiwa uharibifu wake haukufika kiasi fulani cha fedha. Kwa hiyo mwenye kusoma daftari lo lote aulize kwanza: kitu gani kimeachwa nje, na aliyeamua kiachwe ni nani?

KARATASI ZETU ZILIZOKAA CAIRO NA HONG KONG

Turudi nyumbani. Katika 2006 reli ya Kenya na ya Uganda zilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Kwa upande wa Kenya mkataba huo ulikomeshwa 2017. Kampuni hiyo haikuwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kwa hiyo haikulazimika kutangaza hesabu zake kama zinavyotangaza kampuni za soko. Lakini tangu 2010 iliingiwa na kampuni ya Misri iliyoitwa Citadel Capital, baadaye Qalaa Holdings, ambayo ikaja kushika sehemu kubwa ya hisa. Na kampuni hiyo ya Misri ilikuwa katika soko la hisa la Cairo. Maana yake ni nini? Ni kwamba mwenye hisa wa Cairo alikuwa na haki ya kuletewa habari za reli ya Mombasa na Kampala, na fundi wa karakana ya Nairobi hakuwa na haki hiyo hiyo.

Kisha ikaja reli mpya. Kazi ilianza 2014, na treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi ikafunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Gharama yake yatajwa kuwa kiasi cha shilingi bilioni 327, nyingi zikiwa mkopo wa China. Kampuni iliyopewa kuendesha treni hizo tangu mwanzo, Africa Star, iliundwa na kampuni ya Kichina iliyoijenga reli, nayo ni mtoto wa kampuni kubwa iliyo katika soko la hisa la Hong Kong tangu 2006. Hapo tena mnunuzi wa hisa aliye Hong Kong huletewa kitabu cha mwaka cha kampuni ile mama.

Na mkataba wa mkopo je, ambao utalipwa kwa kodi zetu? Wananchi waliuomba, wakaambiwa ni siri. Ikawabidi wawili waende mahakamani, na katika Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru karatasi za reli hiyo zitolewe. Katika Novemba 2022 Waziri wa Uchukuzi akatoa hadharani nakala za mikataba mitatu ya mikopo. Tangu kazi ilipoanza ilikuwa imepita miaka minane. Treni zilikuwa zimekwisha kwenda na kurudi mara maelfu kabla mwenye kulipa hajaonyeshwa alichotia sahihi.

Hatuyasemi haya ili kumtukana mtu. Twayasema ili mwone kwamba habari za kampuni hukaa pale zilipolazimishwa kukaa. Zikihitajiwa na mwenye hisa wa mbali, zitakaa mbali. Hazitakuja zenyewe kwa miguu mpaka Makadara.

MATAJIRI WASEMAJE?

Matajiri wana hoja zao, nasi si vyema tuzipite.

Wasema kwanza kwamba hesabu za kampuni ni siri za biashara, na mshindani akizijua atamharibia mwenzake. Katika mambo mengine hilo ni kweli. Hatutaki kujua bei aliyopatana na mteja wake, wala namna ya kutengeneza bidhaa yake. Lakini idadi ya watu walioumia si siri ya biashara. Saa za kazi si siri ya biashara. Mshahara wa chini kabisa katika kiwanda si siri, maana wanaoupokea wanaujua. Na benki nazo zina washindani, lakini hesabu zao ziko ukutani na bado zapata faida.

Pili, wasema kazi ya kuandika ni gharama kwa kampuni ndogo. Na hilo lina ukweli. Lakini daftari la ajali ni kitabu kimoja na kalamu moja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Itakuwaje basi kwa vidole vya mtu?

Tatu, husema kwamba vyama vya wafanyakazi vitaichukua kila tarakimu na kuigeuza kuwa fujo. Hapo tuna jibu fupi. Chama chetu chenyewe huandikwa. Tangu ile sheria ya vyama ya 1952, ambayo wakoloni waliitoa ili kutuchunga, mpaka Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, chama cha wafanyakazi hutakiwa kuweka hesabu, kuzikaguza, na kuzipeleka kwa Msajili kila mwaka. Mwanachama ana haki ya kuzitazama. Hatukatai, na tena ni vyema iwe hivyo, maana fedha ni zenu. Lakini ikiwa michango ya fagio na nyundo lazima ikaguliwe, kwa nini kampuni yenye malori mia mbili iachwe gizani? Anayetutaka tuwe wazi na awe wazi pamoja nasi.

LA KUFANYA

Ndugu, kulalamika peke yake hakuleti karatasi. Sheria zilizopo, pamoja na upungufu wake, zimetupa milango ambayo wengi wetu hatujaigonga. Twashauri haya manne.

1. Kabla ya mazungumzo yo yote ya mshahara, kamati ya tawi ikumbuke kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Kifungu hicho chamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohusika ili kiweze kuzungumza vizuri kwa niaba ya wafanyakazi. Kwa hiyo tajiri akisema, "Sina pesa," tusimjibu kwa hasira. Tumjibu kwa barua: "Bwana, tafadhali tuonyeshe." Akionyesha, na ikiwa kweli hana, tutajua pa kusimama. Akikataa, kukataa kwake nako kuandikwe, pamoja na tarehe.

2. Tuitumie Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wengi wadhani ni ya mawakili na waandishi wa magazeti. Sivyo. Sheria yenyewe imesema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa. Sababu zako za kutaka habari hazipunguzi haki yako. Jibu lapasa kuja kwa muda wa siku 21, na ikiwa jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu, kwa saa 48. Ukinyimwa, peleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tena sheria hiyo haikuishia kwa ofisi za Serikali. Yaigusa na kampuni ya mtu binafsi inayotumia fedha za umma au kufanya kazi ya umma, na ile yenye habari zinazohusu afya na usalama wa watu. Mkandarasi anayelipwa na shirika la umma asijifiche nyuma ya neno "binafsi."

3. Kila tawi liweke daftari lake la ajali. Liwe na tarehe, saa, mahali, jina la mwajiri, namna mtu alivyoumia, na jina la shahidi. Waandikwe na vibarua wa wakandarasi, ingawa si wanachama, maana damu haiulizi kadi. Na tuandike kwa mtindo mmoja katika matawi yote, ili daftari la Mombasa liweze kulinganishwa na la Nakuru. Daftari hilo halitakuwa la Serikali, lakini siku ya shauri litakuwa na nguvu kuliko kumbukumbu ya mtu mwenye hasira.

4. Tupatane na wenzetu wa vyama vingine tudai sheria moja nyepesi: kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi, ambaye tayari yapasa awe na kamati ya usalama, abandike ukutani kila mwaka idadi ya vifo na majeruhi wa kazini kwake, nakala iwe kwa afisa wa usalama, naye azitoe zote hadharani kwa jina la kampuni. Ukuta wa benki umethibitisha kwamba jambo hili lawezekana.

Tena tusisahau kwamba mkataba wa pamoja ni karatasi tunayoitengeneza sisi wenyewe. Chama kikipatana na mwajiri, mkataba huandikwa na kuandikishwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hata tajiri asiyependa kuandikwa, siku hiyo huandikwa: mshahara, saa, likizo, posho. Pasipo na chama hapana mkataba, na pasipo na mkataba mfanyakazi hubaki na ahadi za mdomo.

Kwa hiyo, vijana wetu, mkisikia kwamba kwa fulani hakuna kelele, msiondoke mbio. Ulizeni kwanza: nani huzitazama hesabu zake? Nani huandika ajali zake? Nikiumia, karatasi yangu itakaa wapi? Mkipata majibu mazuri, nendeni kwa amani, na mkaandikishe chama huko. Msipopata jibu, jueni kwamba kimya hicho kina wenyewe, na kwamba siku ya msiba mtakuwa mashahidi wasio na karatasi.

Nanyi mlio katika kamati, msione haya kuomba daftari. Mwenye kuuliza hesabu si adui wa kazi. Fundi agongaye magurudumu kwa nyundo kabla treni haijaondoka haichukii treni. Asikiliza tu kama kuna ufa.

Ombi la kwanza na liandikwe juma hili, kwa Kiswahili, na katibu wa tawi abaki na nakala.

Umoja ni nguvu.